Jibu: Kwa nini benki bado zinasita kupokea sarafu za kidijitali?

Ndugu, umeuliza kwa nini benki yako hapo Kisumu hupokea fedha za M-Pesa bila maswali, ilhali ukitaja Bitcoin meneja hubadilisha mazungumzo.

Sheria ilikuwa kikwazo cha kwanza. Benki Kuu ya Kenya ilitoa onyo mwaka 2015, na ni mwaka 2025 tu ndipo Bunge lilipopitisha sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali. Hata hivyo, sheria peke yake haitoshi.

Tatizo zito zaidi, kwa maoni yangu, ni mtaji. Kanuni za Desemba 2022 za Kamati ya Basel, chombo cha kimataifa kinachoweka viwango vya usimamizi wa benki, huzipa sarafu zisizo na dhamana, Bitcoin ikiwemo, uzito wa hatari wa asilimia 1,250, maana yake benki inayoishika sarafu hiyo kwenye vitabu vyake hulazimika kutenga mtaji unaokaribia thamani yake yote. Na ukikumbuka kwamba Bitcoin ilishuka kutoka takriban dola 69,000 Novemba 2021 hadi chini ya dola 17,000 mwaka mmoja baadaye, utaona kwamba tahadhari hiyo si uoga mtupu.

Kisha kuna utunzaji. Hundi iliyopotea husimamishwa, lakini ufunguo wa siri, yaani msimbo unaokuwezesha kutumia sarafu zako, ukipotea hakuna tawi la Oginga Odinga Street litakalokurudishia, kwa hiyo benki zinahitaji watunzaji wenye leseni, bima na ukaguzi huru.