Mwambieni dada amekufa, msimwambie "ametangulia"

Umeandika shemeji yako alizama, akapatikana, akazikwa Nansio, kisiwani Ukerewe, na dada hakwenda kuzika. Mwezi wa tatu sasa bado anampakulia chakula, na nyumbani mmekubaliana "asiguswe, atazoea". Ukauliza kama mumwekee ile filamu ya Under the Sand. Mdogo wangu, hilo la kutomgusa liacheni leo hii!

Filamu naijua. Ni ya François Ozon, ya mwaka 2000. Charlotte Rampling anaigiza Marie, ambaye mume wake anaingia baharini kuogelea na harudi. Marie anaendelea kuishi naye Paris kana kwamba yuko chumba cha pili. Hata anapoonyeshwa saa ya marehemu, anakana kuwa ni yake. Hapo nilizima televisheni.

Maana mimi nilionyeshwa mkanda wa suruali. Mume wangu alikuwa mvuvi wa dagaa, usiku wa giza analala ziwani. Siku ya nne wakamleta mwaloni, pale wavuvi wanapotia mitumbwi. Mkanda ulikuwa na tundu nililolitoboa mwenyewe kwa msumari wa moto. Nikasema si wake. Wakazika, mimi nikabaki ndani.

Shangazi akawaambia watu, "Mwacheni, atarudi tu." Alimaanisha mimi, akili zangu zitarudi. Mimi nikasikia mume wangu atarudi.

Kisha akaja mtu anayejiita nabii. Mwalo mzima ulijua tumezika, naye alijua. Akanitazama usoni akasema, "Namwona kisiwani, yuko hai, ana njaa." Ana njaa! Unajua neno hilo linamfanya nini mke? Nikawa napika kila jioni, na kila wiki napeleka sadaka ya kumrudisha. Nikauza taa, nikauza nyavu, mwisho nikauza injini. Mtumbwi ukapasuka kwa jua. Mwanangu mkubwa, ambaye angeishika kazi ya baba yake, akaenda kubeba ndoo za dagaa za watu Kirumba, Mwanza, na mpaka leo anabeba. Yule mtu simsamehe.

Aliyenitoa ni mke wa mvuvi mwenzake. Alinikuta napakua, akakaa, akasema, "Amekufa. Mume wangu ndiye aliyemwosha." Nilimrushia mwiko. Kesho yake akarudi, akasema vilevile. Siku hiyo ndipo nililia.

Kwa hiyo kaa na dada yako mchana, umwambie neno hilohilo: amekufa. Usiseme ametangulia, wala amepumzika. Akikwambia "anapenda sato wa kuchoma", mjibu "alipenda". Kila mara, hata akikutukana. Na akitokea wa kumwombea arudi, mfukuzeni mlangoni.

Kisha pandeni meli mwende Nansio, umshike mkono mpaka kaburini. Mimi nilifika kwa mume wangu mwaka wa pili, nikakuta majani yamenifika kiunoni.