Jigi yangu ilirudi na kipara

Jigi, yaani chambo bandia cha kichwa cha risasi, ndoana na manyoya, ya kwanza niliyoifunga mwenyewe ilidumu baharini chini ya nusu saa. Kolekole aliipiga mara moja tu nje ya mwamba, akajikwanyua, nami nikavuta mshipi nikakuta kichwa cha risasi na ndoana tupu. Manyoya yote yamekwenda. Mzee niliyekuwa naye chomboni akaigeuzageuza kiganjani, akauliza: "Mwanangu, hii ulifunga au ulibandika?"

Alikuwa na haki. Jioni nzima nilihangaika na macho na magamba ya rangi, kufunga nikakumaliza kwa dakika tano.

Siku hizi kichwa kinapakwa rangi kwanza, kikikauka kabisa ndipo nafunga. Sina jiliwa ndogo, nabana ndoana kwa koleo na kuzungushia mpira wa baiskeli kwenye mikono yake. Uzi naanza nao peke yake shingoni mwa jigi, mizunguko iliyobanana, halafu tone la gundi. Uchi wa chuma ukibaki, manyoya yatateleza pamoja na uzi. Kisha naweka fungu dogo, nauzungusha uzi mara tano sita kwa kuukaza, naongeza fungu jingine upande wa pili. Manyoya ya shingo ya jogoo nayapata bure kwa wachinja kuku. Yaoshe kwa sabuni, yaanike kivulini. Usijaze! Jigi nene kama ufagio haizami vizuri, na mkondo unaibeba, hasa wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana.

Vichwa navimimina mwenyewe. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327 za Selsiasi hivi, jiko la mkaa lenye moto mkali linatosha. Yeyushia nje, upepo ukiwa mgongoni, na sufuria hiyo isirudi jikoni milele, kwani risasi ni sumu, kwa watoto zaidi. Kalibu ya kumiminia risasi iwe kavu. Mimi niliimimina siku ya pili baada ya mvua, unyevu ukageuka mvuke ghafla na risasi ikaruka. Kovu liko kifundoni mwa mkono hadi leo.

Rangi ikipakwa juu ya risasi tupu hubanduka kama ganda la kitunguu. Piga msasa, futa kwa spiriti, paka nyeupe, ndipo uje na waridi au kijani. Nyeupe ya chini ndiyo inayoing'arisha ile ya juu. Nyekundu naipenda kwa macho yangu, lakini ndiyo rangi inayofifia mapema maji yakiongezeka kina, kwa hiyo chini kabisa nategemea zaidi jigi zenye nyeupe na nyeusi zinazoachana wazi. Macho nayapiga kwa kichwa cha msumari: mkubwa kwa njano, mdogo kwa nyeusi katikati. Juu yake rangi ya kucha isiyo na rangi, mara mbili. Kwenye mawe inachubuka, epoksi ya mirija miwili inavumilia zaidi.

Na rangi ikiwa mbichi, pitisha sindano kwenye tundu la kufungia mshipi. Nimewahi kukaa chomboni alfajiri nikizibua tundu kwa mwiba wa changu huku wenzangu wakivuta samaki.

Jigi ikikamilika, bana manyoya kwa vidole na uvute kwa nguvu. Yakitoka hata matatu, chukua wembe, kata uzi wote, anza upya.