VIRT ni hati, RES ni kiwanja: jedwali la kurasa nililojifunza kwa aibu

Juzi baada ya isha nimekaa barazani na kikombe changu cha kahawa, simu ikaingia ujumbe. Kijana wa Chake Chake, msomaji wa hapa: "Asalaam alaykum kaka. Programu yangu kwenye top inaonyesha VIRT GB 22. Laptopu yangu ina RAM GB 8. Nimepigwa dukani, au top inasema uongo?"

Top ni amri ya Linux ya kutazama programu zinazoendeshwa, na VIRT na RES ni safu zake mbili za kumbukumbu. Nilicheka, halafu kicheko kikakatika. Miaka minne nyuma swali la namna hiyohiyo lilinikosesha kazi, na niliyeulizwa nilikuwa mimi, tena nilijibu kwa kujiamini.

Nianze na mkasa, ushauri utafuata.

Kulikuwa na hoteli moja ya pwani ya mashariki, siitaji. Nilikuwa nimewatengenezea mfumo wa kuhifadhi vyumba, kwa Python, nikauweka kwenye seva ya kukodi yenye RAM GB 4. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya pesa ya kueleweka tangu nilipotoka Wete kuja Unguja, na kusema kweli nilikuwa natembea Darajani kama mtu aliyenunua nusu ya soko. Mfumo ulianza kwa kupakia jedwali kubwa la bei na nafasi, kama MB 600, kisha programu mama ikazaa watoto 6 wa kuhudumia wateja. Meneja, mtu mzima anayejua hesabu, akatazama skrini yangu: kila mtoto anaonyesha MB 600. Akasema, "Kijana, sita mara mia sita, na mama yao, na hiyo database. Zinatosha kweli?"

Nikamwambia, "Bwana mkubwa, hizo namba usizijali. Kerneli, ule moyo wa Linux, inawashirikisha watoto kumbukumbu moja. RAM ipo, tele."

Nilichosema kilikuwa kweli. Ndiyo sababu bado kinaniuma. Nilikuwa nimekisoma mahali na kukikariri kama mtoto anavyokariri aya asiyojua maana yake.

Mwezi wa Agosti, hoteli imejaa, saa nane usiku simu ikalia. Database imekufa. Nikaiwasha, ikafa tena alfajiri. Asubuhi wageni wamesimama mapokezi na masanduku yao na hakuna anayejua nani kalipia chumba gani. Kwenye logi kulikuwa na mstari mmoja tu wa maana: kumbukumbu imekwisha, prosesi (yaani programu inayoendeshwa) imeuliwa. Linux ina chombo chake cha mwisho, OOM (out of memory), kinachochinja prosesi moja ili mashine nzima isizimike. Wenye kosa walikuwa watoto wangu sita, lakini OOM kwa kawaida humtazama aliyejaza RAM kuliko wenzake, na mnene kuliko wote ilikuwa database. Jumamosi ile nililipwa nusu, nikaambiwa ahsante.

Sasa nilichokuwa sikijui, na ambacho kijana wa Chake anakiuliza.

Anwani inayoiona programu yako si mahali kwenye RAM. Ni jina tu. Kila prosesi ina majina yake, na kerneli inaiwekea jedwali la kurasa, yaani daftari la kutoka jina kwenda mahali. Kumbukumbu hukatwa vipande vya baiti 4096, kila kipande ukurasa mmoja. Programu mbili zinaweza kutumia anwani ileile na kila moja ikasoma kitu chake, kama ambavyo "nyumba namba 12" ipo Konde na ipo Jang'ombe.

Kwa nini daftari lisiwe moja refu? Piga hesabu. Kwenye prosesa (ile chipu inayokokotoa, si prosesi) za kawaida za biti 64 za Intel na AMD, anwani hutumia biti 48. Toa 12 za ndani ya ukurasa, maana 4096 ni 2 kwa kipeo cha 12, zinabaki 36. Mistari 2 kwa kipeo cha 36, kila mmoja baiti 8: GB 512 za daftari kwa kila prosesi. Daftari la kumbukumbu linahitaji kumbukumbu ambayo hakuna mwenye nayo. Kwa hiyo limegawanywa ngazi nne, na mtu wa Zanzibar hana haja ya kuelezwa sana hapa, kwa sababu sisi wenyewe tunatafutwa hivyo: mkoa, wilaya, shehia, nyumba. Huna haja ya orodha moja ya nyumba zote za Unguja na Pemba. Unauliza mkoani, wanakupeleka wilayani, wilaya inakupeleka kwa sheha, sheha anakuonyesha mlango. Na uzuri uko hapa: kisiwa kisichokaliwa na watu hakiteuliwi sheha. Eneo ambalo programu haijaligusa halina madaftari ya chini yake hata kidogo, mstari wa juu uko mtupu, basi.

Kila daftari lina mistari 512 ya baiti 8. Zidisha: 4096. Daftari lenyewe ni ukurasa mmoja kamili. Nilipoiona hesabu hii mara ya kwanza nilisimama, nikaenda kunywa maji, nikarudi kuitazama tena.

Ushauri wangu wa kwanza, na pengine ndio peke yake: chukua karatasi na kalamu uikate anwani moja kwa mkono. Usitazame video. Kata. Hii hapa: 0x7f3a5c2d1e48. Ni namba ya msingi wa 16: kila tarakimu baada ya 0x ni biti 4, kwa mfano 7 ni 0111. Tarakimu tatu za mwisho, e48, ni biti 12, sawa na 3656. Hizo ni hatua za ndani ya ukurasa na hazitafsiriwi kabisa. Zilizobaki ziandike kwa sifuri na moja, uzikate tisa tisa kutoka kushoto: 011111110, 011101001, 011100001, 011010001. Yaani mstari wa 254, kisha 233, kisha 225, kisha 209. Daftari la kwanza prosesa inalijua kwa rejista, kijisanduku kidogo ndani yake, iitwayo CR3, na kerneli hubadilisha rejista hiyo kila inapohamia prosesi nyengine. Kwenye Linux mistari 0 hadi 255 ya daftari hilo la juu ni ya programu, 256 hadi 511 ni ya kerneli yenyewe. Shika hilo.

Nilidhani kwa muda mrefu kwamba kila programu inaposoma kitu, kerneli huitwa kutafsiri. Sivyo. Anayetembea ngazi hizo nne ni prosesa yenyewe, kwa waya zake. Tena haitembei kila mara, maana kusoma RAM mara nne kabla ya kusoma unachokitaka ni hasara, hivyo ina kijitabu chake kidogo cha tafsiri za karibuni, TLB, kama dereva wa bodaboda anayewajua wateja wake wa kila siku na hapiti tena kwa sheha. Kerneli huyaandika madaftari, kisha huitwa pale tu prosesa inapokuta mstari ambao biti yake ya "upo" ni sifuri, au mstari unaokataza kinachotaka kufanywa. Hapo ndipo panapotokea hitilafu ya ukurasa.

Neno hitilafu linatisha bure. Nyingi ni kazi ya kawaida. Unapoomba GB 1 kwa malloc, amri ya kuomba kumbukumbu, unapewa hati. Kiwanja hakijapimwa. Siku unapoandika baiti ya kwanza, prosesa inakwama, kerneli inatazama orodha yake kama eneo lile kweli ni lako, inatafuta ukurasa mtupu, inaufuta, inaandika mstari, na programu inaendelea bila kujua kuwa ilisimamishwa. Kama eneo si lako, programu inauliwa, na wewe unaliona lile neno la segmentation fault tulilokutana nalo sote. VIRT ni jumla ya hati. RES ni viwanja vilivyoshikwa. Dogo, hukupigwa dukani.

Na watoto wangu sita? Mama anapozaa kwa fork, kerneli hainakili kurasa zake. Inanakili madaftari tu, na mistari yote ya kurasa zinazoandikika inageuzwa kuwa ya kusoma tu, kwa mama na kwa mtoto. Ni kama chuoni tulipokuwa tunasoma kitabu kimoja watoto sita: tazameni, msiandike. Atakayetoa kalamu atatolewa nakala ya ukurasa ule mmoja, aende nao. Ndicho nilichomwambia meneja. Ambacho sikumwambia, kwa kuwa nilikuwa sikijui, ni kwamba Python huweka ndani ya kila kitu hesabu ya wangapi wanakishika, na hesabu hiyo hubadilika hata ukisoma tu. Mtoto wangu kila alipotazama bei ya chumba alikuwa anatia alama ya penseli pembeni. Ukurasa baada ya ukurasa, kerneli ikatoa nakala, haina ubishi. Saa chache za wageni wengi zikatosha: 600 mara sita, kweli kabisa. Meneja na hesabu yake ya kichwa alikuwa karibu na ukweli kuliko mimi na maneno yangu ya kerneli.

Marekebisho niliyafanya wiki tatu baadaye, nyumbani, bila mteja: jedwali la bei nikaliweka kwenye faili moja bapa na kulifungua kwa mmap, njia ya kuliunganisha faili na kumbukumbu moja kwa moja, watoto wote wakisoma kurasa zilezile za faili bila kutia alama yoyote. Na nikajifunza kupima kwa Pss, iliyomo kwenye /proc chini ya smaps_rollup, ambayo ukurasa unaotumiwa na sita huugawa kwa sita. Ningeitazama Pss mara mbili tu siku ile, saa mbili asubuhi na saa kumi jioni, ningeiona inapanda.

Vijana, nisikilizeni kidogo. Mnanitumia ujumbe kila siku mkitaka kuwa wahandisi wa mifumo, mkitaka kazi za nje za kulipwa kwa dola, nami nawaombea. Lakini mnataka jibu, hamtaki njia. Mnanakili, inafanya kazi, mnalala. Na mimi nilinakili sentensi nzuri kuhusu fork, ikafanya kazi miezi mitatu. Anayejua sentensi na anayejua utaratibu wanafanana mpaka Agosti. Karatasi na kalamu, ndugu zangu. Nimeshasema na nitasema tena: kateni anwani kwa mkono.

Kijana wa Chake nilimpa anwani ileile ya juu aikate, bila majibu. Jana akanitumia picha ya karatasi yake, mwandiko mzuri, mstari wa kwanza kaandika 508. Sikumsahihisha. Nikamuuliza, "508 ni mkoa wa nani?"

Akanyamaza kama dakika kumi. Kisha: "Wa kerneli. Kaka, nimesahau ile sifuri ya mbele ya 7."