Usililaumu boksi kabla hujakagua tundu la HDMI

Mtu akishanunua runinga ya 4K hapa Mombasa, swali linalofuata huwa lile lile: nichomeke nini ili picha ya HDR, yaani yenye mwanga na rangi pana kuliko ya kawaida, itoke sawasawa? Nitumie programu za ndani ya runinga, Apple TV, Fire TV Stick, au boksi la Android la bei ya chee? Nimevijaribu vyote sebuleni kwangu Kisauni kwa runinga moja, na jibu langu huwaudhi wauzaji: mara nyingi tofauti unayoiona haitoki kwenye kifaa. Inatoka kwenye mipangilio.

Runinga nyingi huweka mipangilio ya picha ya kila tundu la HDMI mbali na mengine, na tena huitenga ya HDR na ya picha ya kawaida. Basi boksi la tundu la kwanza laweza kuwa kwenye modi ya rangi kali, ile ya dukani, na la tundu la pili kwenye modi ya sinema. Ukisema la kwanza linang'aa zaidi, umelinganisha matundu tu. Mimi natumia tundu moja, waya mmoja, modi ya sinema na kipande kile kile cha filamu. Nachomoa hiki, nachomeka kile. Tundu lenyewe nalo huenda likahitaji kuruhusiwa kwanza: Samsung wanaiita Input Signal Plus, LG wanaiita HDMI Deep Colour. Ikiwa imezimwa, kifaa kizima kabisa kinaweza kutuma picha ya kawaida ukadhani ni kibovu. (Na kama unakaa karibu na bahari, vidoti vyeupe vinavyomweka kwenye picha huenda ni ncha za waya zilizoliwa na chumvi.)

Chagua tukio la usiku lenye taa moja. Je, balbu ina umbo, au ni doa jeupe tu? Nguo nyeusi kando yake ina mikunjo? Halafu tazama anga la magharibi: likikatika mistari mistari kama pindo la leso, huenda kifaa kinatuma biti 8, yaani viwango 256 kwa kila rangi, badala ya 1,024 vya biti 10.

Kuna maboksi yanayogeuza kila kitu kiwe HDR. Taarifa ya habari, iliyotengenezwa kwa mwangaza wa niti 100 hivi, hulazimishwa, na mtangazaji hutoka uso mwekundu kama aliyeshinda juani. Apple TV ina chaguo la kufuata picha ilivyo, liwashe. Kifaa kisicho na chaguo hilo sikipendekezi, hata kikiwa na kasi.

Usilipie jina pia. HDR ina aina zake: HDR10 hubeba maelezo ya mwangaza ya filamu nzima kwa pamoja, Dolby Vision huyabeba tukio kwa tukio. Lakini runinga za Samsung hazina Dolby Vision, kwa hiyo boksi la Dolby Vision hapo litarudi kwenye HDR10. Na maboksi ya bei ya chee yasiyo na kibali cha Widevine L1, yaani cha ulinzi wa video dhidi ya kunakiliwa, hupewa na Netflix picha ya SD, ile ya ubora wa chini, hata kama kartoni imeandikwa 4K HDR kwa herufi za dhahabu.

Hakuna boksi linaloongeza nuru. Filamu nyingi husawazishwa kwa niti 1,000 au 4,000, na runinga nyingi za bei nafuu hazifiki hata 400, niti zinazozidi hapo hubanwa. Adhuhuri, madirisha wazi kwa ajili ya upepo, HDR yoyote itaonekana giza. Pima baada ya isha, taa zimezimwa, ila ujue saa hizo ndizo jirani zako wote wako mtandaoni, na Netflix inataka Mbps 15 kwa 4K.

Kama programu za ndani ya runinga yako bado zinafunguka bila kukwama, anza nazo. Pesa ya boksi nunulia pazia zito.