Shangazi: Mke wangu alicheza dansi, kesho yake akaenda kumuuguza mama

*Shangazi, shikamoo. Mama yangu yuko Ngamiani, Tanga. Tangu Machi ana kiharusi, upande wa kulia haufanyi kazi. Mke wangu ndiye huwa anakwenda kumuuguza, na hii ilikuwa safari ya nne. Jumamosi, usiku wa kuamkia safari, alikwenda dansini na wenzake wa kikoba, akarudi saa saba. Niliona video kwenye stetasi ya rafiki yake, anazungusha kiuno kama hana mgonjwa. Usiku ule ule nikamtumia dada yangu wa Chumbageni, naye akasema huyo si mke. Tangu arudi sisemi naye. Nimrudishe kwao? – Mume, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mama. Kiharusi kinamchosha anayeumwa na kinamchosha anayemwinua. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ulipoandika kwamba wewe ulikwenda Tanga. Sijapaona. Safari ya nne! Mama aliyekuzaa wewe anabadilishwa nepi na mtoto wa watu, nawe uko Tabata unahesabu saa aliyorudi.

Unajua kinachofanyika huko Ngamiani? Mgonjwa asiyejiweza hageuki mwenyewe. Anageuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, la sivyo mgongo na nyonga vinaota vidonda. Anainuliwa, anaogeshwa, analishwa uji kijiko kwa kijiko asije akapaliwa. Kazi hiyo inabebwa na kiuno, kile kile ulichokiona kwenye video. Watu wa pwani wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wewe umewapita: mzigo ni wako, kabebeshwa mwenzio, na bado unauona usufi.

Umesema alirudi saa saba. Hukusema alikosa basi. Hukusema mama alikaa na njaa. Nabashiri kwamba alipotoka kwenda dansini begi lilikuwa limeshafungwa, watoto wamelala, na chakula chako kiko kwenye hotpoti. Ingekuwa vinginevyo ungeandika. Mwenye kinyongo hasahau hata kijiko.

Eti "kama hana mgonjwa". Nani kakwambia mwenye mgonjwa hachezi? Dansi la mji huu limelelewa na wafanyakazi. Msondo hiyo ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, watu wakitoka kazini wanakwenda kunyoosha mwili. (Mimi ni wa Sikinde, bendi hasimu, lakini haki ya Msondo siwezi kuila.) Mke wako alikuwa anatoka kazini, na alfajiri anakwenda kazini.

Ndoa za siku hizi zinanishangaza. Bwana akishatuma hela kwa simu anajiita ameuguza. Akisifiwa msibani kwa kumtunza mama, anaitikia yeye. Mke akikohoa tu, kikao cha ukoo. Zamani ukoo ulikuwa na mdomo pia, lakini ulikuwa na mikono: mashangazi walipeana zamu, wajukuu walichota maji. Sasa mikono imekwisha, mdomo umebaki na umepata bando.

Kosa kwenye barua hii ni la kwako, na ni ile video. Uliituma Tanga usiku, mke akasafiri asubuhi. Maana yake alifika Ngamiani wifi ameshaiona, akavua viatu, akaingia kumgeuza mama huku anatazamwa kwa jicho hilo. Na hakuondoka. Mke huyo unamrudisha kwao ukamchukue nani?

Vunja kimya leo, na useme neno "samahani", usimtumie mjumbe. Safari ya tano ni yako. Nenda Mbezi alfajiri, panda basi, mwombe mkeo akufundishe kabla hujaondoka namna ya kumshika mama begani bila kumuumiza.

Ukifika, niulizie jambo moja. Kutoka Chumbageni hadi Ngamiani hata bodaboda haipati moto vizuri. Huyo dada yako mwenye kujua nani mke na nani si mke, zamu yake ni siku gani?