Je, shule ndogo zicheze kikapu na shule kubwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya kata hapa Moshi. Tunakusudia kuanzisha mashindano ya mpira wa kikapu kwa sekondari za manispaa, na baadhi ya wenzangu wanataka shule zigawanywe kwa madaraja kufuatana na wingi wa wanafunzi, ili zilizo ndogo zisidhalilishwe. Kijana wangu anayesoma Indianapolis, Marekani, anasema huko mechi za wanafunzi hujaza kumbi. Wenzetu walifanyaje?
Mwalimu, Majengo, Moshi

JIBU: Mwalimu, kijana wako hakutia chumvi. Katika jimbo la Indiana, ambalo makao yake makuu ni Indianapolis, mashindano ya kikapu ya sekondari yalianza mwaka 1911, na kwa zaidi ya miaka 80 shule za mjini na za vijijini ziliingia katika mtoano mmoja. Mchezo huo uliwafaa wakulima wa mahindi, kwa kuwa huchezwa majira ya baridi, mavuno yakiwa yamekwisha, na shule isiyoweza kuunda timu ya watu 11 haikosi vijana 5.

Mwaka 1954 shule ya Milan, yenye wanafunzi 161 tu, ilifika fainali dhidi ya Muncie Central, shule kubwa kuliko yenyewe kwa mbali. Matokeo yakiwa 30 kwa 30, Bobby Plump alifunga katika sekunde za mwisho, na Milan ikawa bingwa.

Njiani Milan ilikuwa imeitoa Crispus Attucks, na kisa cha shule hiyo ndicho ninachokithamini zaidi. Ilifunguliwa Indianapolis mwaka 1927 kwa ajili ya watoto weusi peke yao, na hadi mwaka 1942 shule za aina hiyo hazikuruhusiwa kushiriki mashindano ya jimbo. Mwaka 1955, ikiongozwa na Oscar Robertson, ikawa shule ya kwanza ya Indianapolis kutwaa ubingwa huo, na mwaka uliofuata ikautetea bila kupoteza mechi hata moja. Hata hivyo, wakuu wa mji hawakuwaacha vijana wale washerehekee katikati ya mji kama mabingwa waliotangulia, jambo linaloniuma kila nilisomapo.

Indiana iligawa shule kwa madaraja 4 kuanzia msimu wa 1997–98, kwa hoja ileile ya wenzako, na ubishi haujaisha. Hoja hiyo ina huruma ndani yake, wala siidharau; lakini Milan na Attucks zisingejulikana kama zingetengewa mashindano yao.

Kwetu kuna upungufu mwingine. Katika UMISSETA, yaani mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, ngazi ya taifa inapofika, wanafunzi bora wa shule mbalimbali huvaa jezi ya mkoa. Utaratibu huo unakuza vipaji, ila mkazi wa Majengo habaki na timu ya mtaani kwake ya kushangilia. Kwa hiyo kila shule icheze kwa jina lake, Jumamosi alasiri, wazazi wakiwa wametoka sokoni na kazini, na shule zote ziingie katika droo moja. Mkihofia kipigo cha raundi ya kwanza, anzeni kwa makundi, ili kila shule ipate angalau mechi 3 kabla ya mtoano.