Jani la mkaratusi linashika kwenye hariri, kwenye pamba linafutika

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Lushoto, nashona magauni na mitandio, na siku hizi nachapa vitambaa kwa majani halisi. Napanga majani ya mkaratusi juu ya kitambaa, naviringisha kwenye fimbo, nafunga kwa kamba na kuweka kwenye mvuke. Kwenye hariri inatoka rangi ya machungwa iliyokolea. Kwenye amerikani, ile pamba isiyopaushwa, inatoka hafifu, na nikifua mara mbili haipo tena. Nimeloweka kwa chumvi na siki kama nilivyoelekezwa, wapi! Halafu kila jani linatoa kivuli chake pembeni. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Majani yako ni mazima, kazi iko kwenye kitambaa. Hariri na sufu zina protini, na rangi ya mkaratusi hushikana nayo bila dawa yoyote. Pamba haina protini, kwa hiyo ni lazima uiwekee kitu cha kushikilia rangi. Chumvi na siki hazifanyi kazi hiyo, ziache kabisa.

Anza kwa kuondoa wanga na nta ambazo amerikani hutoka nazo kiwandani. Kwa kila gramu 500 za kitambaa kikavu, chemsha lita 12 hivi za maji yenye gramu 10 za soda ashi (ile ya watengeneza sabuni) na kijiko cha sabuni ya maji, kwa saa moja na nusu. Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu, maana soda ashi inaila ile ya alumini. Maji yatageuka manjano machafu. Suuza, kausha, kisha dondoshea tone la maji: likinywewa papo hapo, sawa, likikaa juu kama shanga, rudia. Wengi wanaolalamika kwamba rangi imetoka mabakamabaka waliruka hatua hii.

Inayofuata ni tanini, ile dawa ya asili ya magamba na majani inayosaidia pamba kushika rangi, na wewe uko kwenye eneo lenye miti ya miwati. Gamba lake lililokauka lina tanini takriban theluthi ya uzito wake, hivyo gramu 150 zinatosha kwa gramu zile 500. Lichemshe saa moja, chuja, loweka kitambaa humo kikiwa chote kimezama, ukigeuzageuza, kwa saa mbili au usiku kucha. Kitatoka na rangi ya udongo wa waridi. Hiyo haiondoki, kwa hiyo panga mavazi yako ukijua kwamba mandhari haitakuwa nyeupe.

Kamua bila kusuuza sana, kisha ingia kwenye shabu, yale mabonge meupe ya kusafishia maji, ambayo ndiyo hufunga rangi kwenye pamba. Yeyusha gramu 75 za shabu kwenye maji ya moto, na gramu 10 za soda ashi kwenye chombo kingine, halafu changanya kidogokidogo kwenye ndoo kubwa kwa sababu povu linapanda kwa kasi. Ongeza maji ya uvuguvugu, zamisha kitambaa, kiache mpaka asubuhi. Ndoo iwe ya plastiki. Kutu kidogo tu ikigusa tanini, kitambaa chote kinakuwa kijivu.

Kijivu hicho hicho, kikitumiwa kwa makusudi, ndicho kinachochora mishipa ya jani. Chukua kitambaa cha pili chembamba cha pamba, kilowekwe kwenye maji ya salfeti ya chuma, gramu 1 hadi 2 kwa kila gramu 100 za kitambaa hicho, kikamue sana, ukilaze juu ya majani kabla ya kuviringisha. Usizidishe: chuma kingi hudhoofisha nyuzi, na hariri ndiyo huumia zaidi. Vaa glavu, na vyombo vyote hivi visirudi jikoni.

Kwa pamba, usiung'ang'anie mkaratusi peke yake. Jani la mpera na la mkungu yana tanini nyingi na hutoa umbo kali likikutana na chuma. Jani changa la msaji hutoa zambarau inayoelekea wekundu. Laza mgongo wa jani, ule wenye mishipa iliyoinuka, uguse kitambaa unachokichapa.

Vivuli vinatokana na rangi kupenya hadi mzunguko unaofuata. Tandaza karatasi ya nailoni juu ya kila kitu kabla ya kuviringisha. Kamba nayo huacha mistari na hulegea ikipata joto. Mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa utepe hubana vizuri zaidi. Jani lisilogandamizwa halichapi, ndiyo maana kijiti kinene cha katikati ya jani kinakuharibia mpangilio: kinainua kitambaa pande zote. Kikate. Mvuke saa mbili, fungua kikishapoa.

Kwa gauni, chapa kitambaa kizima kwanza, ukate baadaye, ili mshono usipite katikati ya jani. Ukitaka kifua kifanane kushoto na kulia, kunja kitambaa mara mbili na uweke majani katikati ya mkunjo: pande zote mbili zitachapwa.

Kianike kivulini, kikae wiki nzima kabla ya kufuliwa kwa sabuni laini na maji baridi. Mwambie mteja asitumie siki wala sabuni yenye limau, kwa kuwa tindikali huyeyusha chuma na mistari myeusi ndiyo hutangulia kuondoka.